Daktari Simama na Macho ya Mgeni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari wetu bingwa wa homoni anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Haya, sentensi ambayo kamati ya sherehe iliniagiza nianze nayo nimeshaiandika. Sasa niachieni uwanja nifurahi! Tangu wiki iliyopita hapa hospitalini hapakaliki. Watu wa maabara wanabishana na watu wa eksirei ni nani atakaa meza ya mbele, wafuaji wamepiga pasi makoti meupe ambayo hayajawahi kuonja pasi, na mpishi wa kantini, mtu asiyecheka hata akitekenywa, ameonekana nyuma ya jiko akifanya mazoezi ya kucheza.

Anayeandika ni muuguzi wa chumba chake. Mimi ndiye niliyekuwa naita foleni, navuta pazia, napima presha, na kumkumbusha daktari kwamba na yeye ana tumbo linalohitaji chakula. Taratibu za wasifu zinataka nimwandike kwa mbali na kwa heshima zote, na nitajitahidi. Lakini mtanivumilia nikijipenyeza katikati, maana mimi pia ni mgonjwa wake. Kama si macho ya huyu mama, ningekuwa nimeshazikwa, na kazi hii angepewa mtu asiyejua utani wake. Hilo nitalifikia.

Alipoletwa hapa alikuwa daktari kijana mwenye begi moja na maswali mengi. Kliniki ya homoni haikuwepo. Mgonjwa wa tezi, au wa sukari iliyogoma kushuka, alipangwa foleni moja na wenye mafua na waliokanyaga misumari. Daktari akaomba chumba, akaambiwa hakuna. Akaomba tena na tena, akawa kero, mpaka mganga mkuu wa wakati ule akampa stoo ya magodoro mabovu ili naye apate kupumua. Daktari na mumewe, ambaye ni seremala, waliyatoa magodoro Jumamosi moja, wakapaka rangi, wakatoboa dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Chumba ndicho hichohicho mpaka leo. Alipokwenda masomoni kuwa bingwa, wengi tulisema huyo harudi tena. Alirudi, na siku aliyorudi alianza kazi kabla ya kufungua sanduku.

Ametibu magonjwa mengi ya homoni, ila uhondo wake, kitu kilichomfanya asahau chai mezani ikapoa, ni kumchunguza mtu anayeshukiwa kuwa na kortisoli iliyozidi. Kwa wageni wetu wa ukumbini: kortisoli ni homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Kwa kiasi chake ni rafiki, hutusaidia kuamka asubuhi na kuikabili homa. Ikizidi kwa miezi na miaka hula misuli, hudhoofisha mifupa, hupandisha presha na sukari, na huyalundika mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku mikono na miguu ikikonda. Na ni ugonjwa mjanja kweli. Mgonjwa anaonekana amenawiri. Watu wanampongeza!

Daktari wetu hakuwa akianza na karatasi za vipimo. Alianza kumsoma mgonjwa tangu akiwa koridoni, anavyotembea, anavyoshika ukuta. Akimpa mkono, haurudishi haraka. Anafinya taratibu ngozi ya nyuma ya kiganja, aone kama imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Anauliza mabaka ya damu mkononi yametokana na nini, na mgonjwa hakumbuki alipojigonga. Anapapasa mafuta ya nyuma ya shingo na yale ya juu ya mitulinga. Anaomba picha ya zamani, aiweke kando ya uso wa leo. Kisha anamkalisha kwenye kiti na kumwambia, "Kunja mikono kifuani. Sasa simama." Ambaye misuli ya mapaja yake imeliwa anabaki palepale, anacheka kwa aibu, anatafuta pa kushika. Basi watoto wa mtaa wa jirani waliokuwa wakichungulia dirishani wakambatiza Daktari Simama, na jina likamganda.

Madaktari vijana waliopita mikononi mwake wanajua ukali wake kuhusu michirizi ya tumboni. Vitabu vinasema itafutwe ile ya zambarau. Yeye akawaambia hivi: "Kwenye ngozi zetu rangi itakudanganya. Usiwinde rangi. Tazama upana, halafu gusa." Mchirizi mpana karibu kama kidole, uliozama chini ya ngozi, haufanani na ile ya uzazi, na kidole kinaujua hata jicho likisitasita. Lakini hakuna dalili moja aliyoiamini peke yake. Usemi wake ulikuwa kwamba mwili unashtaki tu, maabara ndiyo inayohukumu.

Mambo hayakwenda sawa kila siku, na hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka mmoja ofisi ya ugavi ilituletea viti vipya vya kuzunguka, vyenye magurudumu. Mgonjwa wa kwanza kukikalia chetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Daktari akamwambia kama kawaida, kunja mikono, simama. Mwalimu akajikusanya, akainuka nusu, kiti kikakimbilia ukutani. Daktari akamdaka, lakini mwalimu alikuwa na mwili wake, na wote wawili wakaketi sakafuni polepole kama watu waliokubaliana. Mimi nimeshika pazia, machozi yananitoka kwa kicheko. Mwalimu akamgeukia daktari kwa utulivu na kusema, "Dokta, naona huu ugonjwa unaambukiza." Kesho yake seremala wetu alileta kiti cha mbao, kizito, kisicho na mikono wala magurudumu. Mwalimu, kwa taarifa yenu, alikuwa nao kweli. Alitibiwa, akapona, na leo yumo ukumbini.

Halafu kuna ile harusi ya mfamasia. Daktari hakula wala hakucheza, alikuwa anamkodolea macho mjomba wa bwana harusi, mtu wa uso wa mviringo na shingo nene. Wanawake wa meza yetu wakaanza kunong'onezana mengine. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akamwendea na kumwambia kwa sauti ya kliniki, "Samahani, hebu simama." Mjomba akadhani ameitwa kutoa nasaha kwa maharusi. Akasimama upesi bila kushika meza, akaomba kipaza sauti, akahutubu mpaka wali ukapoa. Daktari alirudi kwenye kiti chake ameridhika kabisa. Mapaja yale, alisema, ni ya mtu mwenye afya. Unene wake ni wa kula tu.

Na msusi je? Alikuja na uso uliojaa, ngozi imechubuka, presha juu. Daktari akamwagiza arudi na kila anachopaka na kila anachomeza. Msusi akarudi na mfuko mzima, mafuta ya nywele, poda, marashi, vidonge vya mgongo alivyopewa na jirani, hadi dawa ya viatu. "Si umesema kila ninachopaka, Dokta?" Tulicheka wote watatu. Lakini humo mfukoni mlikuwa na krimu ya kung'arisha uso isiyo na lebo, na daktari hakuwa anacheka tena. Hakumgombeza hata kidogo. Alimweleza kwamba ndani ya krimu kama hizo hufichwa dawa za steroidi, nazo hupenya ngozini na kufanya kazi ileile ya kortisoli iliyozidi. Akamwonya asiiache kwa ghafla bila uangalizi, maana tezi zake zilikuwa zimelala, zinahitaji kuamshwa polepole. Leo msusi huyo ndiye balozi wetu. Mteja akikaa mbele ya kioo chake na krimu isiyo na lebo, anasukwa, halafu anasindikizwa kwetu.

Sasa nifike kwangu. Kuna kipindi, miaka kadhaa iliyopita, nilianza kunenepa. Wifi yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kushangilia. "Wifi, ndoa imekukubali!" Nikacheka naye. Mashavu yakajaa, wagonjwa wakaniambia sista umependeza. Lakini ngazi za kwenda wodi ya juu zikaanza kunishinda, nikawa napanda kwa kujivuta na reli. Usingizi ukanikimbia. Hasira zikawa zinanijia bila kualikwa, na binti yangu akitoka shule alikuwa anamuuliza kwanza baba yake kama leo mama anazungumzika. Asubuhi moja nilikohoa tu, ubavu ukavunjika. Presha ikawa haishikiki hata kwa dawa. Metroni akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akasema, "Sista, nakupenda, ila kazi imekuelemea. Fikiria kupumzika mapema." Nilijua maana yake. Mume wangu ni fundi umeme wa kazi za leo ipo kesho haipo, na nyumba yetu ilikuwa imesimama kwa mshahara wangu.

Mtauliza, si ulikuwa unashinda na bingwa chumba kimoja? Ndiyo, na hapo ndipo penye ajabu. Alinitazama kila siku, na kwa sababu alinitazama kila siku, hakuniona. Uso uliobadilika kidogo kidogo, aliuzoea kidogo kidogo. Na mimi niliyezijua dalili zote kwa kumsikia akifundisha, nilijiambia ni umri, ni uchovu, ni hiyo ndoa iliyonikubali. Mganga hajigangi. Daktari alikuwa akiwaeleza vijana habari za mabaka ya damu chini ya ngozi, nami nimesimama pale nimeshika pazia kwa mkono uliojaa mabaka hayohayo, nimeyafunika kwa sweta.

Nikachukua likizo, nikaenda kwa mama yangu, nikapumzika mwezi mzima bila kupata nafuu. Niliporudi nilikuwa nimeshaamua. Niliingia kliniki mapema Jumatatu ile ili nimuage daktari kabla wagonjwa hawajafika, halafu nipande kwa metroni nikamwambie amenishinda. Nikafungua mlango. Daktari alikuwa anaandika. Akainua macho, akanitazama, akasema kwa upole wake wa siku zote, "Karibu mama. Foleni bado haijaanza, subiri nje kidogo."

Akainamia karatasi zake. Kisha kalamu ikasimama. Akainua macho tena, taratibu.

"Sista?"

Nilijaribu kufanya utani, nikamwambia mwezi mmoja tu umenisahau. Hakucheka. Aliinuka, akafunga mlango, akanikalisha kwenye kile kiti. Nikamwambia mimi mzima, nimekuja kuaga tu. Akasema, "Kaa, dada yangu. Kunja mikono kifuani." Sikuhitaji aendelee. Nilijaribu kuinuka, nikajaribu tena, mapaja yakakataa katakata, nikabaki nimekaa mbele ya mtu niliyemsaidia kuwapima wengine kwa miaka yote ile. Akanichunguza mwanzo hadi mwisho bila kuruka hatua hata moja, kana kwamba hatujuani. Alipoiona michirizi ya tumboni alinifunika shuka, akakaa kando yangu. Nikamuuliza kama ndio wenyewe.

"Maabara itahukumu," akasema. "Lakini mimi nimeshaona." Halafu akashika kichwa. "Nimekuwa nikimtafuta mgonjwa kwenye foleni, kumbe ndiye anayeniitia foleni."

Maabara ilihukumu kama alivyoona. Nilikuwa na uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ile inayoziamrisha tezi za juu ya figo. Nikapelekwa hospitali ya rufaa, ukatolewa kwa njia ya pua, jambo ambalo mume wangu mpaka leo analisimulia kama ni yeye aliyefanya. Daktari alikuja kukaa naye siku ya upasuaji, wakashirikiana blanketi moja kwenye benchi la koridoni. Nilipotoka nilikuwa dhaifu kwa muda mrefu, kwa sababu tezi zangu zilikuwa zinajifunza kazi upya, na katika miezi hiyo metroni huyohuyo ndiye aliyepigania nirudi kwa zamu nyepesi. Ngazi za wodi ya juu sasa hivi napanda na trei mkononi. Muulizeni wifi yangu, siku hizi ananiambia nimekonda, ndoa ina nini?

Lakini mnajua alichofanya Daktari Simama? Mtu mwingine angelimaliza jambo lile kimyakimya. Yeye aliniomba ruhusa, akalipeleka kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya madaktari wote, wakubwa na wanaojifunza. Picha yangu ya kitambulisho cha zamani ikawekwa ukutani, na kando yake ya siku niliyorudi likizo. Mimi nimekaa mstari wa mbele. Akasema, "Mgonjwa huyu nimekunywa naye chai kila siku, na sikumwona. Mumtazame vizuri, halafu mnitazame na mimi." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile, na ninaandika hili akiwa hai ili alisome.

Kutoka siku hiyo ukazaliwa utaratibu ambao hospitali nyingine zinakuja kuuiga. Kila mwaka kila mfanyakazi anachunguzwa na daktari wa idara nyingine, mtu asiyekaa naye, asiyekula naye, ambaye hajauzoea uso wake. Mwanzoni watu walinung'unika, wakasema mama huyu sasa anatutafutia magonjwa. Wakanyamaza wenyewe. Mlinzi wa geti aligunduliwa ana sukari mapema, kabla haijagusa macho yake. Mfamasia, yuleyule wa harusi, alikutwa na uvimbe wa tezi shingoni ambao mkewe alidhani ni kidevu cha pili. Na Daktari Simama mwenyewe, zamu yake ilipofika, aliambiwa na daktari wa mifupa avue vile viatu vyake vya visigino kama anataka kustaafu akitembea. Alinuna siku mbili, akavivua.

Mengine aliyoyafanya ni mengi na kamati imeninyima kurasa. Aliwafundisha wauguzi wa kliniki za watoto kumshtukia mtoto anayenenepa huku akiwa ameacha kurefuka, na wapo vijana warefu mjini ambao hawajui wanamdai shukrani nani. Amelea mabingwa wanaoongoza kliniki mbali na hapa, na ukiingia chumba cha yeyote kati yao utakuta kiti kizito kisicho na mikono. Aliyempokea kijiti kwetu ni mwanafunzi wake, daktari mwenye aibu nyingi na vidole vizuri. Wiki hii alimwambia mgonjwa asimame kwa sauti ndogo mno, mgonjwa akamuuliza kama anaomba ruhusa. Atazoea.

Tunamshukuru seremala kwa kutuazima mke wake miaka yote hii, na watoto wake waliokua wakijua kwamba mama akiwashika shavu hawabembelezi tu, anawakagua. Tunaambiwa Dokta ameshajiandikisha kujifunza kuogelea. Mwalimu wa kuogelea, pole yako, utachunguzwa kabla hujavua fulana.

Dokta, asante. Kwa niaba ya wote uliowashika mkono ukachelewa kuuachia, na kwa niaba ya nyumba yangu ambayo bado ina mama, asante. Uwe na siku ndefu, usingizi mtamu, magoti yanayokunjika, na chai inayonywewa ikiwa moto. Ila tuna ombi. Usitupotee, lakini pia usije kila siku. Acha miezi ipite, kisha utokee tu mlangoni, maana kuanzia mwezi ujao si mwenyeji tena hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na tutakapokukimbilia mikono wazi tukipiga vigelegele, usitukumbatie kwanza. Tutazame mmoja mmoja, vizuri. Kisha utukumbatie.